Squalus na Sculpin

Mdomoni mwa mto Piscataqua, jimbo la Maine linapopakana na New Hampshire, ipo yadi ya jeshi la wanamaji la Marekani iliyoanzishwa mwaka 1800. Wengi huiita yadi ya Portsmouth, ingawa yenyewe iko Kittery, ng'ambo ya mto. Mwaka 1938 yadi hiyo ilishusha majini nyambizi mbili za aina moja, ya kwanza mwezi Julai na ya pili mwezi Septemba. Moja iliitwa Sculpin na nyingine Squalus, majina ya samaki, kama ulivyokuwa utaratibu wa siku zile. Zililingana kwa kila kitu: urefu wa futi 310, injini nne za dizeli za kwendea juu ya maji, betri kubwa za kwendea chini, na mirija minane ya topido, minne omo na minne tezi. Zikiwa gatini usingejua ipi ni ipi mpaka usome namba, 191 na 192.

Anayetaka kusimulia historia ya nyambizi za Marekani anaweza kuanzia mbali. Anaweza kuanza na Turtle ya mwaka 1776, pipa la mbao lililoendeshwa na mtu mmoja kwa mikono. Anaweza kuanza na Hunley ya mwaka 1864, iliyozamisha meli ya adui na yenyewe isirudi, au na Holland, ambayo serikali iliinunua Aprili 1900 na kuifanya nyambizi ya kwanza ya jeshi lake. Hayo yote yana mahali pake. Lakini mambo makubwa ya mabaharia wa nyambizi, hofu yao, ujuzi wao na jinsi bahari ilivyowatenda, yamo karibu yote katika hizi mbili za Portsmouth, kwa hiyo nitakaa nazo.

Kwanza watu wenyewe. Baharia wa nyambizi alikuwa mtu aliyejitolea, tena alichujwa, na kwa hatari hiyo aliongezewa posho. Alilala kwenye kitanda cha turubai, pengine juu ya topido, na mara nyingi kitanda kilikuwa bado na joto la mwenzake aliyetoka kwenda zamu. Maji baridi ya kuoga yalikuwa anasa. Harufu ya dizeli iliingia katika nguo, nywele na mkate, na mabaharia wa meli nyingine waliitambua wakiwa mbali. Fidia yao ilikuwa chakula, kwani wapishi wa nyambizi walipewa vitu bora kuliko meli yoyote nyingine ya jeshi. Tena kwa kuwa ofisa na baharia wa kawaida walipigana vikumbo katika ujia mmoja mwembamba, ukubwa wa cheo haukupata nafasi ya kujitanua. Ubaguzi lakini ulipata nafasi. Weusi na Wafilipino waliingia kwa mlango mmoja tu, wa kuandaa meza ya maofisa na kutandika vitanda vyao. Hata hivyo, ikifika saa ya vita, walibeba makombora na kushika zamu kama wenzao wote.

Na wote, wa meza na wa mtambo, walijua jambo moja bila kuambiwa: nyambizi ikizama, hatoki mtu.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1925, karibu na kisiwa cha Block, meli ya abiria City of Rome iligonga nyambizi S-51. Watatu waliokolewa wakielea, 33 wakafa. Nyambizi nyingine, S-1, ilitumwa kuitafuta, na nahodha wake alikuwa kijana wa miaka 29, Charles Momsen, ambaye wenzake walimwita Swede. Alifika akaona mafuta yakitandaa juu ya maji. Chini yake kulikuwa na watu aliowafahamu, na katika meli yake yote hapakuwa na chombo hata kimoja cha kuwafikia.

Momsen akaanza kuchora. Wazo lake lilikuwa kengele kubwa ya chuma, wazi upande wa chini, ishushwe kwa kufuata waya uliofungwa kwenye kifuniko cha mlango wa dharura wa nyambizi. Ikitua, ukingo wake wa mpira ungebana sitaha, maji yaliyomo yangesukumwa nje kwa hewa, na uzito wa bahari wenyewe ungeigandamiza isiachie. Hapo mtu angefungua kifuniko na kupanda kama anayepanda ngazi ya nyumba. Akapeleka michoro Washington. Ukapita zaidi ya mwaka bila jibu. Majaliwa yakataka ahamishiwe idara ileile iliyopokea michoro, na huko akaikuta imelala kwenye lundo la karatasi zisizoshughulikiwa. Alipouliza, akajibiwa kwamba kwa mtazamo wa ubaharia jambo hilo haliwezekani. Aliyewahi kufuatilia faili lake serikalini hahitaji kuelezwa zaidi.

Likaja la pili. Tarehe 17 Desemba 1927, karibu na Provincetown, nyambizi S-4 iliibuka mbele ya Paulding, meli ya walinzi wa pwani, ikagongwa na kuzama kiasi cha futi 100 tu. Watu 40 walikuwamo. Sita kati yao walikuwa hai katika chumba cha topido, wakigonga chuma kwa nyundo, na wazamiaji wakawajibu kwa kugonga kutoka nje. Kwa alama za Morse waliuliza kama kuna matumaini. Dhoruba ikavuma na wazamiaji hawakuweza kurudi chini. Ilipofika siku ya tatu, nyundo zilikuwa zimenyamaza. Magazeti yalichapisha kila kitu, na nchi nzima ikawasikiliza watu wale wakifa.

Baada ya aibu hiyo milango ya Washington ilifunguka. Momsen na wenzake wawili walitengeneza mfuko wa mpira wa kuvaa kifuani, wenye dawa ya kunyonya hewa ya ukaa, ili mtu apumue hewa yake mwenyewe tena na tena huku akipanda juu taratibu. Waliujaribu wenyewe, na mojawapo ya mahali walipoujaribia ilikuwa ndani ya S-4 ileile, iliyokuwa imeopolewa na kugeuzwa chombo cha majaribio. Kengele nayo ikaundwa, ya kwanza ikitokana na banda la chuma ambalo S-1 ilikuwa ikihifadhia ndege ndogo. Momsen akapangiwa kazi ya ile mifuko, na ofisa mwingine, Allan McCann, akaikamilisha kengele. Ndiyo maana mpaka leo inaitwa chumba cha McCann. Ilikuwa na uzito wa tani tisa hivi, na ilibeba wapanda ngazi wanane na waendeshaji wawili. Ikakaa tayari, mwaka baada ya mwaka, bila kuitwa.

Tarehe 23 Mei 1939 asubuhi Squalus ilitoka mtoni kwenda kufanya jaribio la kupiga mbizi karibu na visiwa vya Shoals. Ilikuwa na watu 59, mabaharia 56 na raia watatu, na miezi mitatu ilikuwa haijatimia tangu ikabidhiwe kwa nahodha wake, Luteni Oliver Naquin. Siku hiyo iliwapasa kuzama kwa haraka kama waliokumbwa na adui, yaani nyambizi iende kasi juu ya maji kisha ifike kina cha futi 50 kwa muda wa kama dakika moja.

Ili uelewe kilichotokea, fikiria injini nne kubwa za dizeli zinavyovuta hewa. Hewa hiyo ilishuka kwa bomba kubwa lenye mdomo nyuma ya mnara, na mdomo huo ulikuwa na vali ya kufungwa kabla ya kuzama. Chumba cha uongozi kilikuwa na ubao wa taa, nyekundu kwa tundu lililo wazi na kijani kwa lililofungwa, na mabaharia waliubandika jina la mti wa Krismasi. Asubuhi ile taa zote zilikuwa kijani. Hewa iliyofunguliwa ndani ya nyambizi ili kupima kama imeziba ilionyesha imeziba. Ikazama vizuri, kwa muda uliotakiwa, na watu wakaanza kufurahi.

Halafu masikio yao yakasikia mgandamizo wa ghafla, na simu ya chumba cha injini ikapiga kelele kwamba maji yanaingia. Vali ile kubwa ilikuwa wazi. Bahari ilimiminika kwa bomba la hewa mpaka vyumba vya injini, na kutoka hapo ikaenea sehemu yote ya nyuma. Matangi yalipulizwa, omo ikanyanyuka ikachungulia juu ya maji, kisha tezi, iliyokwisha kujaa, ikaivuta yote chini kinyumenyume.

Mlango wa chuma uliotenganisha chumba cha uongozi na sehemu ya nyuma ulikuwa kazi ya fundi umeme Lloyd Maness. Nyambizi ilikuwa imeinama kiasi kwamba kuufunga mlango kulimaanisha kuuvuta kwa kupandisha, uzito wote mikononi mwake. Aliona maji yakija. Aliona pia watu wakikimbia ndani ya maji hayo wakimwita auache wazi, akausubirisha, wakapita wachache, wa mwisho wao wakiwa wamelowa chapa. Kisha akauvuta ukajifunga. Nyuma yake walibaki wenzake, mmoja akiwa rafiki aliyekuwa afunge ndoa Jumapili ile ile, na Maness ndiye angemsimamia. Wakati huohuo, chini ya sakafu ya mbele, fundi mkuu wa umeme Lawrence Gainor alijipenyeza katikati ya betri zilizokuwa zikitoa cheche za moto na kukata swichi kwa mkono, kabla hazijalipuka zote.

Squalus ikatua kwenye tope, pima 40 chini, sawa na mita 73. Taa zilizimika. Watu 33 walikuwa hai, wakigawana vyumba vya mbele. Naquin aliwaamuru walale, wasiongee, wasitembee, kwa sababu kila neno lilikula hewa. Unga wa kunyonya hewa ya ukaa ulinyunyizwa sakafuni, mablanketi na mifuko ya Momsen ikagawiwa, makopo ya chakula yakafunguliwa. Baridi ilikuwa ya kugandisha mifupa. Hakuna aliyeuliza kwa sauti habari za 26 waliokuwa nyuma ya mlango.

Walikuwa wameachia boya lenye simu likapanda juu, na kila baada ya muda walirusha roketi ya moshi. Lakini ujumbe wa redio waliotuma kabla ya kuzama kueleza mahali walipo ulikuwa umepokewa vibaya, na yadi ilidhani wako maili kadhaa kando. Kamanda wa yadi, Admirali Cyrus Cole, alipoona muda umepita bila habari, alimwita nahodha wa Sculpin, iliyokuwa inajiandaa kwa safari ya Amerika ya Kusini, akamwambia apite pale aangalie. Sculpin ikaenda mahali pasipo. Ofisa kijana mmoja mnarani, kwa kugeuza tu shingo upande usiotarajiwa, akaona moshi mwekundu ukififia angani.

Wakalikuta boya. Nahodha wa Sculpin, Warren Wilkin, akainua simu na kuongea na Naquin aliyekuwa chini ya miguu yake. Walibadilishana maneno machache, kisha wimbi likainyanyua Sculpin na waya ukakatika. Tangu hapo mawasiliano yakawa ya nyundo tena, kama S-4.

Safari hii lakini chumba cha McCann kilikuwapo. Kilikuwa juu ya meli ya uokoaji Falcon, bandarini New London, ikabidi Falcon iende usiku kucha, na ikafika alfajiri ya tarehe 24. Momsen aliletwa kwa ndege kutoka Washington pamoja na wazamiaji wake. Mzamiaji wa kwanza, Martin Sibitzky, alishuka akiwa na viatu vya risasi, akatua kwenye sitaha karibu kabisa na mlango unaotakiwa, na waliokuwa ndani wakasikia hatua zake juu ya vichwa vyao. Kina kile, kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, hulevya kama pombe. Sibitzky alihangaika na shakili moja ya waya ambayo juu ya nchi kavu mtoto angeifunga. Akaifunga.

Chumba kikashuka kwa kujivuta kwenye waya ule. Waendeshaji wake, John Mihalowski na wenzake kwa zamu, walipofungua kifuniko cha Squalus walikutana na nyuso zilizoinuliwa zikiwatazama, wakawapa supu ya moto, kahawa na mablanketi. Safari ya kwanza ilipandisha watu saba. Ya pili tisa, ya tatu tisa, mmoja zaidi ya kipimo cha chumba.

Safari ya nne ilibeba wanane wa mwisho, Naquin akiwa wa mwisho kuiacha nyambizi yake. Katikati ya njia waya ukakwama. Wazamiaji wakashuka usiku kuukata wa chini; wengine wawili wakajaribu kufunga mpya, wakapandishwa wakiwa hoi. Kisha ikaonekana kwamba waya wa juu, ule ulioshikilia chumba, umechanika nyuzi na kubakiwa na uzi mmoja usioaminika. Momsen akaamuru winchi iachwe. Mabaharia walipanga mstari sitahani na kuvuta kwa mikono, pole pole, huku waendeshaji waliokuwa ndani wakielekezwa kwa simu wapunguze maji ya uzito kidogo kidogo, chumba kisiwe kizito kikakata waya wala kisiwe chepesi kikafyatuka. Saa nne na zaidi walikuwamo humo gizani. Dakika 38 baada ya saa sita usiku kikachomoza. Siku iliyofuata chumba kilishuka mara ya tano, mpaka mlango wa nyuma, wakafungua kidogo wakakutana na maji. Mihalowski, William Badders, James McDonald na Orson Crandall walitunukiwa Nishani ya Heshima, kubwa kuliko zote nchini.

Kuiopoa nyambizi yenyewe kulichukua majira yote ya joto na zaidi ya mizamo 600. Wazamiaji walipumua mchanganyiko wa heliamu na oksijeni badala ya hewa, jambo lililokuwa jipya kwa kazi halisi, na ule ulevi wa kina ukatoweka. Tarehe 13 Julai omo ilifyatuka juu ya maji futi nyingi kama nyangumi, ikavunja minyororo na kuzama tena. Ikaanzwa upya. Tarehe 13 Septemba iliingizwa Portsmouth na maiti zikatolewa. Mwaka uliofuata ilikarabatiwa na kupewa jina lingine la samaki, Sailfish. Mabaharia, ambao hawaachi kitu bila kukitania, waliyaunganisha majina mawili wakaiita Squailfish, na makamanda hawakuupenda utani huo hata kidogo.

Desemba 1941 Japani ikashambulia Pearl Harbor, na nyambizi zikawa silaha ya kwanza ya Marekani kuvuka Pasifiki. Sailfish na Sculpin zote zilikuwa Asia siku vita vilipoanza. Silaha hiyo ilikuwa na kasoro. Topido za Mark 14 zilipita chini kuliko zilivyopangwa, au zililipuka mapema, au ziligonga ubavu wa meli kwa kishindo na kunyamaza. Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi Tinosa ilifyatua topido 15 kwa meli moja kubwa ya mafuta ya Kijapani, na ilipokwisha kuisimamisha, zilizofuata ziligonga moja baada ya nyingine bila kulipuka. Nahodha Daspit akaiacha moja makusudi airudishe nyumbani ikachunguzwe. Kwa karibu miaka miwili manahodha walikuwa wakilalamika, na wataalamu wa idara ya silaha wakijibu kwamba wapigaji ndio hawajui kulenga.

Aliyeleta wazo lililomaliza ubishi huo ni Momsen, aliyekuwa sasa Hawaii. Alishauri topido zipigwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, na itakayokataa kulipuka itafutwe majini. Iliyokataa ikapatikana, ikaopolewa ikiwa na baruti yake yote, ikafunguliwa. Pini ya kuwashia ilikuwa imepinda. Topido ikigonga sawasawa, kwa pembe ambayo kila nahodha alifundishwa kuipenda, pini ilikunjika kabla ya kufika kwenye kilipuzi. Mafundi wa Pearl Harbor wakatengeneza nyingine, nyepesi na imara zaidi. Ilikuwa majira ya vuli ya mwaka 1943, na Sailfish iliondoka Pearl Harbor wiki chache baadaye, tarehe 17 Novemba.

Siku mbili tu baada ya kuondoka kwake, Sculpin ikafa. Ilikuwa kaskazini mwa Truk ikiwinda msafara, na msafara ukaacha nyuma manowari Yamagumo iwe mtego. Kipimo cha kina cha Sculpin kilikwama kwenye futi 125 huku nyambizi ikiendelea kupanda, na mnara ukachomoza mchana kweupe mbele ya adui. Baada ya mabomu ya chini ya maji kuivunjavunja, Nahodha Fred Connaway aliamua kuibuka na kupigana kwa mzinga wa sitahani. Kombora likamuua yeye na waliokuwa naye mnarani. Luteni George Brown, aliyebaki mkubwa, akaamuru nyambizi izamishwe na watu waruke.

Ndani alikuwamo Kapteni John Cromwell, aliyekuja kuongoza kundi la nyambizi na si kuendesha hii moja. Alijua kwamba kesho yake, tarehe 20 Novemba, majeshi ya Marekani yangeshuka Tarawa. Alijua pia jambo zito zaidi, kwamba Marekani inasoma siri za redio za Wajapani. Alihofu kwamba akiteswa atasema. Akamwambia Brown yeye haendi, akabaki. Alibaki pia ofisa kijana aliyekuwa akisimamia uzamaji wakati kipimo kile kilipokwama.

Yamagumo iliokota 42, na mmoja aliyekuwa na jeraha baya ikamtupa tena baharini. Wale 41 walihojiwa na kupigwa huko Truk, kisha wakagawanywa katika meli mbili za kubeba ndege zilizokuwa zikirudi Japani, 20 ndani ya Unyo na 21 ndani ya Chuyo.

Wasomaji wa siri huko Hawaii walijua meli hizo zinakuja. Hawakujua wamo nani. Usiku wa tarehe 3 Desemba, kusini-mashariki mwa Honshu, katikati ya tufani iliyowafanya walinzi wa mnarani wajifunge kwa kamba, rada ya Sailfish iliona chombo kikubwa. Nahodha Robert Ward hakuweza hata kukiona kwa macho. Akafyatua kwa kuamini rada peke yake, baada ya saa sita usiku, na topido zikalipuka. Akaifuata Chuyo iliyojeruhiwa usiku kucha, akaipiga tena alfajiri, akaipiga tena asubuhi. Ilizama na watu zaidi ya 1,000. Ilikuwa meli ya kwanza ya Kijapani ya kubeba ndege kuzamishwa na nyambizi ya Marekani, na Sailfish ikapewa sifa ya rais kwa safari hiyo.

Kati ya mabaharia 21 wa Sculpin waliokuwa chini ya sitaha za Chuyo, 20 walikufa. George Rocek, fundi wa mitambo, alirushwa majini na kudaka ngazi iliyoning'inia ubavuni mwa manowari ya kusindikiza. Yeye na wale 20 wa Unyo walipelekwa machimbo ya shaba ya Ashio, wakachimba mpaka Agosti 1945.

Waandishi wengi wakifika hapa huanza kuzungumzia laana na kisasi cha bahari. Mimi siyaoni hayo. Ninachokiona ni kazi za watu wenye bidii: kuvunja siri za adui, kunyoosha pini iliyopinda, kulenga bila kuona. Kila moja ilifanywa vizuri kabisa, na zote kwa pamoja zikawaua vijana wa nyambizi iliyoona ule moshi mwekundu. Vita vilipokwisha, nyambizi 52 za Marekani zilikuwa zimepotea na watu wapatao 3,500, zaidi ya mmoja kwa kila watano waliokwenda kuwinda. Nao walikuwa wamezamisha zaidi ya nusu ya tani zote za meli za Japani zilizozamishwa.

Naquin hakurudi kwenye nyambizi. Mwaka 1945 alikuwa Guam, ofisa wa operesheni za meli, wakati manowari Indianapolis ilipoondoka hapo bila nahodha wake kuambiwa habari za siri kwamba nyambizi za Kijapani ziko njiani. Ilipigwa tarehe 30 Julai, na mamia ya mabaharia wakaelea siku nne bila mtu yeyote kujua kwamba hawajafika.

Na yadi ya Portsmouth iliendelea na kazi. Mwaka 1961 ilikabidhi jeshi Thresher, nyambizi ya nyuklia ya kina kirefu kuliko zote zilizotangulia. Tarehe 10 Aprili 1963 ilishuka kufanya jaribio, maili 220 mashariki mwa Cape Cod, ikiwa na watu 129, 17 kati yao raia. Juu yake ilisindikizwa na Skylark, meli ya uokoaji yenye chumba cha McCann. Kikomo cha chumba kile kilikuwa futi 850. Thresher ilivunjikia katika maji ya futi 8,400. Kutokana na ajali hiyo ukaanzishwa mpango wa kukagua kila bomba, kila vali na kila kiungo kinachogusana na bahari, na kila fundi aliyekigusa kuweka sahihi yake. Scorpion, iliyopotea mwaka 1968 na watu 99, ilikuwa haijakamilishiwa ukaguzi huo. Zilizokamilishiwa hazijapotea hata moja.

Chumba cha McCann hakijatupwa. Novemba 2017 nyambizi San Juan ya Argentina ilipopotea na watu 44, Marekani ilipakia kimoja ndani ya ndege pamoja na chombo kipya zaidi na kukipeleka mpaka Patagonia. San Juan ilipatikana mwaka mmoja baadaye, zaidi ya mita 900 chini. Hadi sasa watu pekee waliowahi kupanda juu wakiwa hai ndani ya chumba hicho, kutoka katika nyambizi iliyozama, ni wale 33 wa Squalus.